Shukrani Si Wimbo wa Kumpokea Mgeni

Mgeni ajapo shuleni, watoto hupangwa mistari juani, huimba, hupiga makofi, kisha husema "asante" kwa sauti moja. Mgeni akiisha kwenda zake, mama aliyepika uji asubuhi huinama peke yake kuosha sufuria, wala hapana aliyemwambia neno. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa kushukuru: ashukuriwe aliyetoka mbali, aliyeshuka garini. Twaona desturi hiyo yafaa itazamwe upya, na Bagamoyo ni mahali pema pa kuanzia.

Katika misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa huko mwaka 1868 upo mnara uitwao kwa jina la Livingstone. Maiti yake ililazwa hapo mwezi Februari, 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Alikuwa amekufa mwezi Mei, 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu ndio walioileta, mabegani, kwa muda wa miezi tisa, mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Livingstone alipozikwa London tarehe 18 Aprili, 1874, hao wawili hawakuwako. Walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Baadaye wapagazi wale walitengenezewa nishani huko huko Uingereza, lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, wasizipate. Na mnara ukabaki na jina la aliyebebwa.

Basi mwalimu na awaketishe watoto chini ya mnara huo, awaulize: hapa tumshukuru nani, na kwa kazi gani? Kisha awape gunia la mchanga lililofungwa kwenye mti, walibebe wanne wanne, wakipokezana, mpaka barabarani na kurudi. Mabega yakianza kuwasha, neno "mpagazi" litakuwa limepata maana ambayo ubao na chaki haviwezi kuitoa. Mitaala ya mwaka 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hapa mambo hayo mawili yanakutana bila kulazimishwa.

Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati atatucheka, na ana haki. Lakini kazi hii haitaki fedha wala vitabu. Yataka maswali tu.

Siku nyingine darasa literemke pwani, vyombo vinapoingia. Mtoto anayekula samaki kila siku aulize: mlitoka saa ngapi? Mlivua kwa taa, usiku usio na mwezi? Wavu ukichanika, nani huushona, na kwa muda gani? Kusi likivuma kwa nguvu mnaishije? Asikimbilie kusema asante kabla hajajua anashukuru nini. Tena aulize bei: mchuuzi alinunua kwa kiasi gani, na samaki huyo huyo aliuzwa kwa kiasi gani Dar es Salaam? Wako watakaosema kwamba swali hilo si la maadili. Sisi twasema ni la maadili hasa. Wafanyakazi wanajua vema jinsi neno tamu linavyoweza kutolewa mahali pa ujira. Na mtoto anayefundishwa kushukuru bila kuuliza kama mtu amelipwa, huyo anafundishwa kusifu tu.

Wakirudi darasani, waandike barua fupi, kila mmoja kwa mtu mmoja aliyemwona kwa macho, akitaja kazi yenyewe: si "asante kwa yote", bali "asante kwa kuwahi alfajiri". Barua zisibandikwe ukutani ili mkaguzi azione. Zipelekwe, zikasomwe mbele ya mwenyewe, hata kama mwandishi anakwamakwama. Huenda mama wa samaki wa kukaanga akawaambia wangoje kwanza, mafuta yamekwisha kupata moto. Na wangoje.