Laki Mbili na Arobaini kwa Picha Tu? Msigombane, Pigeni Hesabu Kwanza

Hebu fungua simu yako sasa hivi utafute picha moja ambayo familia nzima imo: baba, mama, watoto, babu na bibi, wote sura zinaonekana. Umeipata? Wengi wetu tuna mapicha kibao, lakini hiyo moja hatuna. Mama hayumo kwa sababu ndiye aliyeshika simu. Bibi yumo nusu bega. Halafu siku ya msiba ndipo tunapoanza kuhangaika, mpaka inakuzwa picha ya kitambulisho cha kura ili angalau kuwe na kitu cha kuweka kwenye fremu.

Sasa tuchukue mfano. Nyie ni wanandoa mnaofanya kazi Dar, nyumbani ni Kilangala, pwani ya Lindi. Mnarudi kwa ajili ya Idi, au kuna mwali anatolewa, na mashangazi wote watakuwepo. Mke anasema, "Safari hii tutafute mpiga picha wa kueleweka." Mume anauliza bei, anatajiwa Sh 240,000. Kha! "Pesa yote hiyo ya kubonyeza tu? Si simu ninayo?" Ugomvi unaanzia hapo.

Unalipia nini hasa?

Kubonyeza ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Mpiga picha amenunua kamera, lenzi na taa, na vyote hivyo vinachakaa. Anasafiri. Anawapanga watu 20 ambao kila mmoja anaangalia kwake, huku mtoto analia na babu kashasema amechoka. Akirudi, anakaa kwenye kompyuta kuchagua picha nzuri na kurekebisha mwanga, moja baada ya nyingine. Saa moja ya kupiga inaweza kuzaa siku nzima ya kazi ambayo wewe huioni. Hiyo ndiyo bei.

Zamani nako haikuwa bure

Tusidhani kulipia picha ni mambo ya kizungu ya juzi. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh. Watu wa pwani walivaa wakapendeza, wakaenda studio, wakalipa. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36 tu, kwa hiyo kila mlio wa kamera ulikuwa pesa. Ndiyo maana wazee walikaa wakatulia, na picha zao bado zipo ukutani. Simu imetupa picha za bure, lakini imetuondolea ile nidhamu ya kukaa pamoja kwa dakika 5.

Wa Dar au wa huko huko?

Kutoka Dar hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 400. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 limeturahisishia kuvuka Rufiji, lakini nauli iko pale pale. Ukimchukua mtu wa Dar, jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula na pa kulala. Kwa hiyo anza kuulizia Lindi mjini, kwa wale wanaopiga picha za harusi. Usiridhike na zile picha 5 kali za mtandaoni. Omba akuonyeshe kazi nzima ya familia moja, uone kama na wazee wametoka vizuri.

Wengine watatamani magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Pazuri kweli, lakini hiyo ni safari nyingine, kuna kibali cha kulipia na boti ya kupanda. Bibi mwenye magoti mabovu ataweza? Mkeka chini ya mwembe wa nyumbani hauna kiingilio.

Kabla ya kutoa advansi

Kubalianeni haya, tena kwa maandishi hata ya meseji:

1. Mtapewa picha ngapi zilizorekebishwa, na lini.
2. Bei inajumuisha usafiri na kusafisha picha, au ni za kuonekana kwenye kompyuta tu?
3. Picha mtapewa kwenye flashi zikiwa na ukubwa wake kamili. Zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa, na ukizikuza zinafifia.
4. Je, anaruhusiwa kuzitundika mtandaoni kutangaza biashara yake? Waulizeni na wazee. Na mambo ya ndani ya unyago si ya kamera, mwambieni mapema.
5. Muda. Jua la saa sita mchana linatia kivuli machoni, na kanzu nyeupe inawaka mpaka inameza sura. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni ndiyo penyewe.

Pesa itoke wapi?

Hapa ndipo wanandoa wengi wanapokosea. Picha ni ya ukoo, kwa nini mzigo ubebwe na nyumba moja? Ile Sh 240,000, ndugu mkiwa 6, kila mmoja anatoa Sh 40,000. Ila angalieni msimu. Kusini pesa ina majira yake: ufuta ukishauzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba. Ukimdai mchango mjomba aliyeko shamba kabla ya mnada, unamtafutia aibu bure. Mwacheni alete kuku.

Na jamani, msikope. Kama mfuko umekauka, mwombeni mpiga picha bei ya saa moja, kwa picha moja kubwa ya familia na moja ya babu na bibi peke yao. Hizo mbili zichapisheni, moja ibaki kijijini, nyingine mje nayo mjini. Simu hupotea na kuibiwa, lakini iliyo ukutani kila mgeni anaiona.

Picha za kila siku simu itaendelea kupiga, hakuna ubaya. Hii moja mlipeni mtu, ili na yule aliyezoea kushika simu naye apate nafasi ya kukaa mkekani na wenzake.