Pumzi Baada ya Upasuaji wa Tumbo: Kazi ya Anayekaa Kando ya Kitanda

(Muziki mfupi, kisha msemaji)

Iwe uko shambani ukichuma majani chai, uko jikoni ukichemsha maziwa, au uko stejini hapa Chepseon ukingoja gari la Kericho, sogea karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulipi uzito, nalo ni kupumua baada ya kupasuliwa tumbo.

Huenda mmoja wenu akauliza: kupumua nako hufundishwa? Si mtoto huzaliwa akijua kupumua? Ni kweli. Lakini mtu aliyekatwa tumbo huogopa kuvuta pumzi kwa sababu ya maumivu, na hofu hiyo yaweza kumletea nimonia siku chache tu baada ya upasuaji uliofaulu. Habari njema ni kwamba mara nyingi nimonia hiyo huzuilika. Kinachohitajika ni mto, subira, na mtu wa kumkumbusha mgonjwa kila saa. Mtu huyo ni wewe.

TUMBO LIMEPASULIWA, MAPAFU YANAHUSIKA VIPI?

Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo, ambao hutenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi vizuri, kiwambo hushuka, tumbo huinuka, na hewa hufika hadi chini kabisa ya mapafu. Tena, mtu mwenye afya hushusha pumzi ndefu mara kadhaa kila saa bila hata kujua. Pumzi hizo ndefu ndizo zinazofungua vifuko vilivyoanza kusinyaa.

Sasa tazama yanayompata aliyepasuliwa. Kwanza, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, sehemu fulani ya mapafu husinyaa. Hii hutokea karibu kwa kila mtu. Pili, akiamka, mshono unamuuma. Anapumua juu juu, anajizuia kukohoa, na zile pumzi ndefu zinapotea. Tatu, kiwambo chenyewe hulegea kwa siku kadhaa, hasa ikiwa mkato uko juu ya kitovu. Basi makohozi hutuama chini ya mapafu kama maji kwenye mtaro uliozibwa na majani. Maji yakituama huingia wadudu. Makohozi nayo yakituama, viini vya ugonjwa huzaliana, na hiyo ndiyo nimonia.

Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyepasuliwa juu ya kitovu, kwa mfano aliyetobokwa na vidonda vya tumbo au aliyetolewa nyongo. Iko pia kwa mzee, mvutaji sigara, mwenye pumu, na aliyeingia thietani kwa dharura bila kujiandaa. Mama aliyezaa kwa upasuaji hatari yake ni ndogo zaidi, kwa kuwa mkato wake uko chini na mara nyingi hudungwa sindano ya mgongo badala ya kulazwa usingizi. Hata hivyo, mazoezi haya yatamfaa yeye pia.

UTAFITI UNASEMA NINI?

Mwaka wa 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji. Karibu mmoja kati ya kila watano alipata tatizo baada ya upasuaji. Tena wengi wa waliofariki hawakufariki siku ya upasuaji bali siku zilizofuata, wakati jamaa walidhani hatari imekwisha. Ndiyo maana tunasema kazi haiishii mlangoni mwa thieta.

Mwaka huo huo yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, wa Australia na New Zealand, uliofuata wagonjwa zaidi ya 430 wa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha maelezo. Nusu yao walikaa pia na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa nusu saa kabla ya upasuaji. Aliwaeleza kwa nini mapafu huziba na akawazoeza kupumua. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa kijitabu peke yake, 27 walipata matatizo ya mapafu kama nimonia. Katika kila 100 waliofundishwa, waliopata ni 12. Nusu saa ya mazungumzo ilipunguza taabu kwa zaidi ya nusu!

Kwa hiyo, kama mgonjwa wako amepangiwa siku ya upasuaji, iwe ni Kericho, Litein, Kapkatet, Longisa au Tenwek, usingoje hadi atoke thietani. Omba kuonyeshwa mazoezi mapema. Mfanye naye nyumbani, jioni kabla ya kulala, wakati tumbo bado haliumi.

KWANZA, MAUMIVU YATULIZWE

Kwetu tumelelewa kuvumilia maumivu. Mwanamke akiulizwa na muuguzi, "Unaumwa?" hujibu, "Kidogo tu," huku ameshikilia pumzi. Mama, uvumilivu wa namna hiyo hausaidii mapafu. Mgonjwa anayeumwa sana hawezi kupumua kwa kina wala kukohoa wala kutembea. Mwambie muuguzi ukweli. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ameze kwa saa zake, kisha asubiri kama nusu saa ndipo aanze mazoezi.

ZOEZI LA KWANZA: PUMZI NDEFU

Mwinue mgonjwa akae, au aegemee mito. Asilale chali wala asijikunje. Mabega yalegee. Aweke mkono mmoja juu ya tumbo, kando ya mshono. Kisha mwongoze hivi:

1. Vuta hewa kwa pua, polepole, hadi uone mkono wako umeinuka.
2. Ikishajaa, izuie kidogo. Hesabu moja, mbili, tatu.
3. Itoe polepole kwa mdomo, kama mtu anayepoza chai.

Afanye mara kumi, apumzike, kisha afanye kumi nyingine. Arudie kila saa akiwa macho. Usimwamshe usiku kwa ajili ya zoezi isipokuwa wahudumu wamesema hivyo. Akisikia kizunguzungu aache kwanza, apumue kama kawaida, kisha aendelee baadaye. Siku ya kwanza huenda akaweza tano tu. Tano si haba, kesho zitakuwa nane.

ZOEZI LA PILI: KUKOHOA UKIWA UMEKUMBATIA MTO

Hapa ndipo wengi huogopa. Wanadhani wakikohoa nyuzi zitakatika. Daktari hushona tumbo tabaka kwa tabaka, na mshono uliofungwa vizuri hustahimili kikohozi. Lakini ni lazima uushikilie.

Chukua mto, au blanketi dogo lililokunjwa. Mgonjwa aliweke juu ya mshono na alikumbatie kwa mikono miwili, kwa uthabiti. Kama anaweza, akunje magoti kidogo. Avute pumzi ndefu, kisha akohoe mara mbili au tatu. Makohozi yakija, ayateme kwenye kitambaa au kikopo chenye kifuniko, asiyameze.

Akishindwa kukohoa, iko njia nyepesi. Avute hewa, afungue mdomo wazi, kisha aisukume hewa nje kwa nguvu, "haaa!", kama mtu anayetaka kioo cha dirisha la matatu kiingie ukungu asubuhi ya baridi. Afanye hivyo mara mbili au tatu. Makohozi yatapanda yenyewe, naye atayatoa kwa kikohozi kidogo.

Zoezi hili lifuate kila awamu ya pumzi ndefu. Mlinzi, kaa karibu. Weka mkono wako juu ya mkono wake. Mgonjwa akiona hayuko peke yake, hukohoa kwa ujasiri.

ZOEZI LA TATU: KUKETI NA KUTEMBEA

Kulala siku nzima huyafunga mapafu, na pia huweza kugandisha damu miguuni. Wahudumu wakisharuhusu, mara nyingi tangu siku ya kwanza baada ya upasuaji, mgonjwa aketi kwenye kiti, asimame, kisha atembee hadi mlangoni na kurudi. Kesho aongeze hatua.

Kutoka kitandani kuna njia yake. Asijiinue moja kwa moja kama anayeamka asubuhi. Akunje magoti, ageuke ubavu, ashushe miguu, huku akijisukuma kwa mkono hadi aketi. Apumzike kidogo kabla ya kusimama. Wewe umshike upande, na uangalie mirija isivutwe.

Msaidie pia kupiga mswaki asubuhi na jioni. Kinywa kichafu huwa na viini vingi, na vikiteremka kwenye mapafu huleta nimonia.

MGONJWA AKIWA MTOTO

Mtoto hafundishwi kwa kuhesabu, anafundishwa kwa mchezo. Mpulizie povu la sabuni, naye apulize. Mtengenezee tiara ndogo ya karatasi inayozunguka akiipuliza, au mshindane kupuliza unyoya mezani. Hata kuimba na kucheka ni zoezi. Puto usimpe mtoto mdogo, kwani likipasuka kipande chaweza kumkaba. Mtoto mchanga mbebe wima na umgeuze pande zote kama wauguzi watakavyokuelekeza.

MKISHARUDI NYUMBANI

Endeleeni na mazoezi hadi mgonjwa atembee kwa uhuru na apumue kwa kina bila kuumwa. Mambo haya myatilie maanani:

Moshi. Mgonjwa asikae kwenye jiko la mawe matatu, na mtu yeyote asivute sigara karibu naye.

Mizigo. Kwa wiki sita hivi, au kama daktari atakavyosema, asibebe kapu la majani chai, kuni wala mtungi wa maji wa lita 20. Kapu la majani litakuwa pale pale akipona. Mama aliyezaa anaweza kumbeba mtoto wake.

Matembezi. Azunguke uani kwanza, mahali tambarare. Milima yetu aipande baadaye, polepole.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Je, ni vizuri kumfunga tumbo kwa leso? Waweza, kama wahudumu hawakukataza. Lakini leso lisipande juu ya mbavu, wala lisibane hadi ashindwe kuvuta pumzi. Wakati wa zoezi lilegeze. Ukiona anapumua kwa kifua peke yake, limebana mno.

Baridi haitaingia mapafuni kupitia kwa kidonda? La. Nimonia hii huletwa na viini vinavyokua mahali hewa isipofika. Huku kwetu usiku ni baridi, kwa hivyo mfunike vizuri. Lakini tafadhali usimwekee jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa! Hewa ya makaa haionekani wala hainuki, nayo imewaua watu wengi usingizini.

Kile chombo cha mipira mitatu tulichoona hospitalini, ni lazima tununue? Si lazima. Humsaidia mgonjwa kuona anavyovuta hewa, lakini haijathibitishwa kwamba kinashinda pumzi ndefu zilizofanywa vizuri. Kama umepewa, kitumie. Kama huna, mkono juu ya tumbo unatosha.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kuchelewa, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Anapumua haraka, zaidi ya mara 25 kwa dakika akiwa ametulia, au hawezi kumaliza sentensi. (Hesabu hii ni ya mtu mzima.)
- Ana homa ya 38 au zaidi, au anatetemeka.
- Makohozi ni ya kijani, yananuka, au yana damu.
- Ulimi au ndani ya midomo pamegeuka rangi ya samawati au kijivu.
- Amechanganyikiwa ghafla, au ana usingizi usio wa kawaida.
- Kifua kinachoma ghafla, au mguu mmoja umevimba na kuuma. Mguu huo usiukande, huenda ni damu iliyoganda.
- Mshono unatoa usaha au umefunguka. Ukifunguka, mlaze, ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, usisukume kitu ndani, na usimpe chakula wala kinywaji.

YA KUKUMBUKA

Wauguzi wetu wana vitanda vingi vya kuhudumia. Mtaalamu wa fiziotherapia akija wodini, atakaa na mgonjwa wako dakika chache kisha aende kwa mwingine. Saa nyingi zinazobaki ni zako. Dawa ya maumivu kwa wakati. Pumzi ndefu kumi, mara mbili, kila saa. Kikohozi ukiwa umekumbatia mto. Kuketi, kusimama, kutembea.

Kabla hujazima redio, jaribu sasa hivi. Weka mkono tumboni, vuta hewa kwa pua, izuie, itoe. Ukishaijua wewe, utaweza kumfundisha mwingine siku atakapokuhitaji.

 

(Muziki)