Goli la Aziz Ki lilipoingia hadi chumbani

Hivi kwenu mpira ukiisha, unaisha kweli? Maana kuna nyumba ambazo filimbi ya mwisho ikilia ndiyo kwanza mechi inaanza. Refa kahongwa, VAR imelala, na mchambuzi wa kwenye tivii naye, "Simba huyo, achana naye!" Kama baba ni Yanga na mama ni Simba, basi ugali unaliwa kimya kimya kama msibani.

Nayasema haya kwa kuwa nimeolewa humo humo. Mume wangu ni Yanga damu, mzaliwa wa Ipililo, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu. Mimi ni Mnyama tangu utotoni. Utani huo tumeishi nao miaka bila tatizo, mpaka Ijumaa ya Aprili 5, 2024.

Usiku wa mtambaa panya

Siku hiyo Yanga walikuwa Pretoria, Afrika Kusini, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, marudiano na Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa panya, likadunda chini langoni, likatoka. Yanga wakashangilia. VAR ikaangalia, jibu likawa si goli. Mechi ikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, Sundowns wakashinda 3-2.

Sisi tulikuwa bado Ipililo kwa wakwe baada ya Pasaka. Wanaume walienda kibanda umiza, wakarudi wamevimba. Asubuhi uani, kwenye chai na matobolwa, moto ukawaka upya. Shemeji yangu mmoja anaapa kwamba goli lilikuwa halali, kwa sababu mchambuzi kaonyesha. Mwingine anasema bado kipande. Nami nikafungua mdomo: "Shem, tatizo si pale mpira ulipodundia. Sheria inataka mpira wote…"

Mume wangu akanikata. "Mama watoto, haya ni ya wanaume. Hebu tuongezee chai."

Wakacheka. Sikujibu, pale ni ukweni bwana. Lakini siku tatu zilizofuata alipata kwangu "ndiyo" na "hapana" tu. Naye akadhani nimenuna kwa sababu ya Simba, ambao usiku ule ule walitolewa na Al Ahly kule Cairo!

Nilichotaka kusema

Sheria ni hii: goli ni pale mpira wote unapovuka mstari wote, iwe chini au hewani. Mpira una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo upana wake ni kama sentimita 22. Maana yake unaweza kudunda nyuma ya mstari na bado lisiwe goli, kwa kuwa kitako kimepita lakini tumbo bado liko juu ya chokaa. Na kamera isipokaa sawasawa na mstari, jicho linadanganyika kirahisi.

Haya si mambo ya Afrika tu. Juni 27, 2010 kule Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza aliwafunga Wajerumani goli lililoonekana na dunia nzima isipokuwa waamuzi. Kombe la Dunia la 2014 likaja na mitambo ya mstari wa goli, yenye kamera zake, inayompa refa taarifa kwenye saa ya mkononi. VAR, iliyoingia kwenye sheria za soka mwaka 2018, ni kitu kingine: ni binadamu wanaotazama picha. Na binadamu hawaoni sawa.

Mnajua nilikuwa naelekea wapi na maneno yangu? Kwamba pamoja na yote hayo, kwa macho yangu mimi mtu wa Simba, mpira wa Aziz Ki ulipita wote. Nilikuwa namtetea mume wangu!

Tuliporudi Bariadi nikamwambia hivyo. "Ulimfunga mdomo wakili wako pekee, mbele ya ndugu zako." Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Niliona haya kufundishwa mpira na mke wangu mbele ya kaka zangu." Angalau lilikuwa jibu la kweli. Tukaanzia hapo.

Mchambuzi si shahidi wa ndoa

Jamani, mchambuzi ana kazi yake. Ana marudio kumi, ana picha ya pole pole, ana kiti. Refa ana sekunde moja. Hata mwongozo wa VAR unasema picha ya pole pole ni ya kuangalia mpira ulipogusa, lakini nguvu ya faulo itazamwe kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu kitu kikipunguzwa kasi huonekana kama kimekusudiwa. Sasa sisi wapenzi nasi tuna tabia hiyo: neno moja la asubuhi tunalirudia pole pole mpaka jioni limekuwa kadi nyekundu.

Wasukuma walikuwa na mashindano kabla ya tivii. Bagika na Bagalu wanacheza ngoma kwa wakati mmoja, kila upande na mbwembwe zake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watazamaji ndio refa. Kwenye mpira, uamuzi wa mambo ya uwanjani ni wa mwenye filimbi, na ni wa mwisho. Kwenye ndoa hakuna refa kabisa. Mko wawili, na anayepuliza filimbi kila mara anaishia kucheza peke yake.

Tulivyokubaliana

• Anayeongea amalize, hata kama ni Simba.
• Mabishano mwisho nusu saa, tivii izimwe.
• Mbele za watu pinga hoja yangu, usipinge haki yangu ya kusema.

Juni 25, 2025 watani walikutana kwa Mkapa, Yanga wakashinda 2-0, la kwanza kwa penalti. Usiku shemeji akapiga simu kutoka Ipililo kuja kunitambia. Mume wangu akaweka spika. "Ngoja nikupe mama watoto, yeye ndiye anayezijua sheria."

Nikaeleza ninavyoiona penalti ile mpaka mwisho. Shemeji akasikiliza, kisha akasema hakubali hata kidogo. Sawa tu, shem. Tukaagana kwa kicheko.