Je, Wajua? Mabano Yanaweza Kuzuia Malipo Yasiyokaguliwa
Masharti yanayoziongoza programu za kupitisha malipo ofisini hufuata aljebra ya mantiki iliyoasisiwa na Mwingereza George Boole mwaka 1847. Katika lugha nyingi za kompyuta, "na" hutangulia "au". Hivyo sharti "meneja au mhasibu na mkaguzi" hupitisha malipo kwa idhini ya meneja pekee, hata mkaguzi akikataa, isipokuwa maneno "meneja au mhasibu" yawekwe ndani ya mabano. Kosa hili la kuacha mabano ni la hatari hasa, kwa kuwa programu hulikubali sharti lenye sarufi sahihi hata kama maana yake imepotoka. Hufichuliwa na jedwali la ukweli, yaani orodha ya kila hali inayowezekana pamoja na jibu lake: idhini 3 huzaa hali 8, na zote zinapaswa kujaribiwa kabla ya programu kuanza kutumika.