Kompyuta kwa Ndani (3): Hodi Yenye Namba

Juma lililopita tuliona kuwa kibodi haingoji kuulizwa. Ukibonyeza kitufe inapiga hodi, na prosesa inaacha shughuli yake ikaitike. Lakini hodi zote zinalia sawa. Prosesa itamjuaje mgeni? Kwa namba.

Kompyuta ya IBM PC ya 1981 ilikuwa na chipu moja ya kupokea hodi, 8259A, yenye njia 8. Saa ilipewa namba 0, kibodi 1, diski ya flopi 6. Mwaka 1984 IBM AT ilikuja na chipu ya pili, ila hiyo nayo ilipitishia hodi zake kwenye njia namba 2 ya mwenzake. Zikabaki njia 15. Ndipo ugomvi ulipoanza: milango ya kuchomekea vifaa, COM1 na COM3, yote ilitoka kiwandani na namba 4. Kipanya kikiwa huku na modemu kule, modemu ikipiga simu kipanya kinaganda. Dawa ilikuwa kufungua kasha na kuhamisha jampa, kijiplastiki cha kufinya kwa ncha za vidole.

Kosa jingine lilijificha zaidi. Katika orodha ya prosesa (si namba zile za njia), Intel, mtengenezaji wake, ilikuwa imejiwekea namba 0 hadi 31 kwa dharura za prosesa yenyewe. IBM ikazipa hodi za nje namba 8 hadi 15, ndani ya eneo hilohilo. Linus Torvalds alipoandika mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991, alizipanga upya chipu zile ili hodi zianzie 32.

Leo Linux inaendesha mitambo ya kila aina, na kerneli, yaani kiini chake, ndiyo inayogawa namba. Ndani yake mna faili fupi lenye sharti moja: ikiwa aina ya mashine haikutaja idadi ya namba zake, basi ni 64. Hiyo ndiyo maana ya chaguo-msingi: ni jibu analowekewa aliyenyamaza. Mwenye lake aliseme.

Ukiwa na laptopu ya Linux, fungua /proc/interrupts. Kwenye nyingi, mstari wa namba 1 ni wa kibodi. Bonyeza herufi moja, kisha soma tena: hesabu imepanda. Kubonyeza ni hodi, na kuachia ni hodi nyingine.

Juma lijalo: wageni wawili wakibisha kwa pamoja, nani atangulie?