Umeme wa upepo: Kinu ni nusu ya kazi, betri ndiyo ghala

WAKULIMA wengi wanaoishi mbali na nguzo za umeme hununua betri kama wanavyonunua mafuta ya taa: ikiisha, inatafutwa nyingine. Mwaka mmoja au miwili baadaye fedha za mavuno zinarudi tena dukani, wakati betri iliyotunzwa vizuri ingeweza kudumu zaidi.

Kwamba umeme unaweza kupatikana kijijini bila mtaji mkubwa lilikwisha kuthibitishwa na kijana wa Malawi, William Kamkwamba, wa Wimbe, wilayani Kasungu. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 14, aliacha sekondari baada ya njaa kuikumba nchi hiyo na baba yake, mkulima wa mahindi na tumbaku, kushindwa kulipa ada.

Badala ya kukaa bure, alikwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi. Humo alikuta kitabu cha sayansi chenye picha za vinu vya upepo. Kilichomvutia ni kusoma kuwa kinu kinaweza kusukuma maji. Maji yangemwagilia shamba, na njaa isingerudi.

Alitumia vifaa chakavu: fremu ya baiskeli, pangaboi la trekta, shokapu iliyotumika kama mhimili, na bomba la plastiki alilolipasha moto na kulinyoosha kuwa mapanga. Vizibo vya bia vilikuwa washa, na dainamo ya baiskeli ndiyo iliyozalisha umeme. Mnara ulikuwa wa miti ya mkaratusi. Wapo waliomwona amerukwa na akili, hadi balbu ilipowaka.

Baadaye aliongeza betri ya gari, nyumba ikapata taa nne na redio mbili, na majirani wakaja kuchaji simu. Juni 2007 alisimulia habari hiyo mbele ya mkutano wa kimataifa mjini Arusha.

Mambo ya kuzingatia kwenye kinu

Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ndiyo maana mnara mfupi uliozungukwa na miti ni hasara. Kamkwamba mwenyewe alilazimika kujenga mwingine wa meta 12 ili kuupita miti.

Kati ya dainamo na betri lazima ziwepo daiodi. Hizo hugeuza umeme wa dainamo kuwa wa kuingia kwenye betri, na huzuia betri kuuzungusha mtambo kama mota upepo unapotulia.

Aidha, kinu kisikatwe waya mapanga yakiwa yanazunguka. Kikikosa mzigo huenda mbio hadi kuvunjika. Betri ikijaa, kidhibiti chaji kinapaswa kuupeleka umeme unaobaki kwenye kazi nyingine, kwa mfano kuchemsha maji.

Kutunza betri

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 70 huhifadhi takriban wati-saa 840, lakini si zote za kutumia. Anayetaka idumu atumie nusu tu, yaani 420. Taa nne za LED za wati 5, zikiwaka saa tano kila usiku, hula wati-saa 100. Hivyo familia inaweza kukaa siku nne bila upepo.

Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa, ikisoma karibu 12.2 imefika nusu, taa zizimwe. Ikiachwa tupu kwa siku nyingi, risasi iliyomo hufanya ukoko mgumu na betri haishiki tena chaji. Betri za gari huumia haraka zaidi, kwani zimeundwa kuwasha injini, si kutumika usiku kucha.

Kwa betri zenye vifuniko, maji yakaguliwe kila mwezi. Yakipungua yaongezwe maji yaliyosafishwa ya betri, si ya kisima, ambayo yana chumvi. Tindikali isiongezwe, kwa sababu kinachokauka ni maji, tindikali hubaki. Vichwa vikiota ukungu visuguliwe kwa maji yenye magadi soda, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha vipakwe grisi.

Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Iwekwe mahali penye madirisha, mbali na kibatari, sigara na vitanda vya watoto. Iliyokufa isivunjwe uani wala kutupwa karibu na kisima, kwani risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto. Ipelekwe kwa wanunuzi wanaoirudisha kiwandani.

Kamkwamba alirudi shuleni na mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani. Maji aliyoyatafuta tangu mwanzo nayo yalifika kijijini kwao, yakivutwa na pampu ya umeme wa jua.