Je, Wajua? Wageni wa Shadowbringers na Mizizi Yao ya Zamani

Tarehe 2 Julai 2019, kampuni ya Square Enix ya Tokyo ilitoa Shadowbringers, nyongeza ya tatu ya gemu ya mtandaoni Final Fantasy XIV. Zilitangulia Heavensward (2015) na Stormblood (2017). Kila nyongeza huja na nchi mpya na watu wapya wa kukutana nao njiani, lakini kundi la wahusika waliokuja na hii lina jambo la pekee: wengi wao walichimbuliwa kutoka mahali ambapo mchezaji alikuwa ameshapita bila kutazama. Siri za hadithi zitafichuka humu, kwa hiyo aliye katikati ya safari na aahirishe kusoma.

Kwanza mahali penyewe. Shujaa anapelekwa kwenye ulimwengu pacha ambako usiku haujaingia kwa miaka mia moja. Gharika ya nuru imefuta karibu kila kitu, likabaki bara moja liitwalo Norvrandt. Huko nuru ndiyo inayoua, na giza ndilo linaloombewa. Kuna vijana waliokua wakazaa watoto bila kuona nyota hata moja.

Je, wajua kwamba adui mkuu hakuwa mgeni kabisa? Jina la Solus zos Galvus lilikuwa likitajwa tangu zamani: mwasisi wa Dola ya Garlemald, mtawala aliyekufa uzeeni. Kumbe utawala wake wote ulikuwa vazi tu la Emet-Selch, mmoja wa viumbe wa kale waitwao Ascian. Anapojitokeza katika Shadowbringers, hashiki silaha. Anajitambulisha, anajiunga na msafara, anapiga miayo, anajibu maswali. Jambo ambalo maadui wengine hulificha mpaka dakika ya mwisho, yeye analieleza mapema: ulimwengu ulikuwa mmoja, ukapasuka vipande 14, na watu wake wakapotea humo. Anataka kuviunganisha tena ili awarudishe. Kila kipande kinapounganishwa, wanaoishi humo huangamia, na hilo halimsumbui, kwa sababu machoni pake binadamu wa leo hawajatimia kuwa watu.

Hadithi haimsafishi. Mauaji yake yanabaki mauaji. Lakini msiba wake nao ni wa kweli: alimpoteza kila mtu aliyemfahamu, na amekaa matanga kwa zaidi ya miaka 10,000. Chini ya bahari, kwa uchawi wake, ameujenga upya mji wao, Amaurot, kama ulivyokuwa siku chache kabla ya maangamizi. Humo wanatembea vivuli vya watu warefu mno, waliovaa majoho na barakoa, wakijadiliana kwa upole namna ya kulikabili janga ambalo hawajui kwamba lilikwisha kuwamaliza. Majengo na viti vyao ni vikubwa kupita kiasi, na wakimwona shujaa wetu humdhania mtoto. Ipo hata ofisi ya serikali ambako sharti ujiandikishe kabla ya kuhudumiwa. Nimecheza magemu mengi yenye miji ya kupendeza, na sijaona mwingine unaomfanya mtu amwelewe adui yake kwa kutembea tu barabarani.

Mwandishi mkuu wa hadithi hii ni Natsuko Ishikawa. Kabla ya hapo aliandika kisa cha shujaa wa upanga wa giza katika Heavensward, ambamo uchovu na hasira ya shujaa mwenyewe, anayetumwa na kila mtu asipumzike, vinapewa mwili na sauti. Aliyekicheza kisa kile mwaka 2015 anaweza kuitambua kalamu ileile katika Emet-Selch.

Je, wajua kwamba Amaurot una umri wa zaidi ya miaka 500? Jina hilo limetoka katika kitabu *Utopia* cha Mwingereza Thomas More, kilichochapishwa mwaka 1516, ambamo ni mji mkuu wa kisiwa cha jamii kamilifu. Hythlodaeus, rafiki wa kale wa Emet-Selch tunayemkuta mjini humo, amepewa jina la msafiri anayesimulia habari za kisiwa hicho. Anyder ni mto wa kitabuni, na katika gemu ni jina la chuo. Majina ya Emet-Selch, Lahabrea na Ascian wenzao yamechukuliwa karibu zaidi, katika maelezo ya viumbe wa Final Fantasy XII ya mwaka 2006, ambako yalikuwa yakitajwa tu bila mtu wala sura.

Hythlodaeus ndiye ninayempenda zaidi kati ya vivuli vile. Yeye peke yake anajua kwamba ni kivuli. Rafiki yake alipokuwa akimuumba upya alimkumbuka vizuri kupita kiasi, na alijua kabisa kwamba Hythlodaeus halisi angeutambua ukweli.

Je, wajua kuhusu mtu wa kofia aliyelala miaka mingi? Mtawala wa mji wa Crystarium, anayeitwa Crystal Exarch, huuficha uso wake kwa kofia ya joho karibu safari nzima. Mkono wake mmoja umegeuka kuwa kioo cha buluu. Ni G'raha Tia, kijana msomi aliyeonekana mara ya kwanza katika mapambano ya Crystal Tower yaliyoanza Desemba 2013. Mwisho wa kisa kile alijifungia ndani ya mnara na kulala. Waliomwamsha ni watu wa zama za baadaye, ambapo shujaa alikuwa amekwisha kufa na dunia imeharibika. Kwa nguvu ya mnara alirudi nyuma ya wakati, akavuka hadi ulimwengu pacha, akajenga mji na kungoja takriban karne nzima ili tu kuyaokoa maisha ya mtu mmoja: wewe unayecheza.

Mapambano ya mnara yalikuwa ya hiari, na wapo walioyaruka. Kwao kofia ilipovuliwa, walitazama uso wasiomjua mwenyewe. Agosti 2020 waundaji waliyafanya kuwa ya lazima katika hadithi kuu, na walifanya vyema. Sauti ya Kiingereza ya mhusika huyu ni ya Jonathan Bailey, ambaye baadaye watazamaji wa sinema walimwona akiwa Fiyero katika *Wicked* (2024).

Je, wajua kwamba wala dhambi walikuwapo kweli? Viumbe vyeupe vinavyoitafuna Norvrandt vinaitwa wala dhambi, na vingi vimepewa majina ya makosa yaliyosamehewa: woga, unafiki na kadhalika. Huko Wales na mikoa ya Uingereza inayopakana nayo, mla dhambi alikuwa mtu anayelipwa fedha kidogo ili ale mkate na kunywa pombe juu ya maiti, akiaminiwa kuzibeba dhambi za marehemu. John Aubrey aliandika habari za desturi hiyo katika karne ya 17. Anayetajwa kuwa wa mwisho ni Richard Munslow, mkulima wa Ratlinghope katika mkoa wa Shropshire, aliyefariki mwaka 1906. Kaburi lake lilikarabatiwa mwaka 2010.

Shadowbringers imelipindua tendo lile. Katika mji wa Eulmore, mtawala Vauthry huwalisha watu mkate uitwao meol, nao wanaugombea. Baadaye tunajua kwamba umetengenezwa kwa miili ya wala dhambi. Vauthry wengi wanamchukia, na mimi simtetei, ila mkate wake ni mojawapo ya mambo yaliyofikiriwa kwa kina zaidi katika hadithi yote.

Mwathirika mmoja wa wala dhambi, Tesleen, hupata muda mfupi mno katika hadithi. Ni mhudumu katika nyumba ya jangwani Amh Araeng, wanakotunzwa walioguswa na nuru na kungoja kufa. Anageuzwa kuwa mla dhambi mbele ya macho yetu akijaribu kumwokoa mvulana, na katika uwanja wa kwanza wa mapambano wa nyongeza hii, Holminster Switch, inabidi tupigane naye.

Je, wajua kwamba Ryne alizaliwa na jina la mtu mwingine? Minfilia, mwanamke aliyeizuia gharika ya nuru, alizaliwa upya kizazi baada ya kizazi katika wasichana wenye nywele za dhahabu na macho ya kioo, na kila mmoja aliitwa Minfilia. Wa mwisho wao husafiri na Thancred, mlezi anayempenda lakini anayemtazama akimwona yule wa kwanza. Msichana anapochagua kuishi maisha yake mwenyewe, nywele zinabadilika rangi, na Thancred anampa jina lake: Ryne. Baadaye, katika mapambano ya Eden, anampata rafiki wa rika lake, Gaia. Kazi ya usanifu wa Eden ilimhusisha Tetsuya Nomura, aliyechora wahusika wa Final Fantasy VII mwaka 1997.

Wa kuchangamsha ni Feo Ul, kijini mwenye mabawa wa nchi ya Il Mheg. Anajipendekeza kwa shujaa, ananuna asipoitwa, na hupeleka ujumbe hadi ulimwengu alikotoka shujaa kwa kuingia katika ndoto za watu. Shujaa anapomshinda Titania, mfalme wa vijini aliyegeuzwa na nuru, taji lazima livaliwe na mtu. Feo Ul analivaa yeye, akijua linamfunga pale milele, ili shujaa aendelee na safari. Titania ni jina la malkia wa vijini katika tamthilia ya Shakespeare, *A Midsummer Night's Dream*.

Katika nchi hiyohiyo ya Il Mheg yupo Seto, amaro mzee aliyebebwa na umri hadi akaweza kusema. Amaro ni wanyama wa kupanda wenye mabawa. Seto alikuwa wa Ardbert, shujaa aliyekufa karne moja nyuma, na bado anamngoja. Mwaka 2019 mchezaji aliyetaka amaro wake mwenye heshima ya pekee alilazimika kuifikisha kila kazi ya kivita na ya uchawi kiwango cha 80, isipokuwa ya mchawi wa buluu.

Mgeni anaweza kuwa wewe mwenyewe. Jamii mbili za kuchagua ziliongezwa: Viera, wenye masikio marefu, na Hrothgar, wenye sura ya simba. Mwanzoni Viera walikuwa wanawake tu na Hrothgar wanaume tu. Wanaume wa Viera walikuja na Endwalker mwaka 2021, wanawake wa Hrothgar na Dawntrail mwaka 2024.

Kwa anayetaka kuanza: Oktoba 2023 jaribio la bure lilipanuliwa hadi kiwango cha 70, pamoja na hadithi yote ya Stormblood. Linakufikisha mlangoni mwa Shadowbringers bila kulipa. Vituo vya seva viko Japani, Amerika Kaskazini, Ulaya na Oceania, kwa hiyo mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam ni vyema ajaribu kwanza cha Ulaya. Na akifika Crystal Tower, asiharakishe mazungumzo ya kijana yule msomi, G'raha Tia.